Dema la Maganda ya Risasi

Chausiku hakuwa mtu wa kusamehe, wala hakulificha jambo hilo. Ukimwambia akufanyiaye ubaya mlipe wema, alikuuliza wema huo unapimwa kwa kibaba au kwa pishi. Jirani yake mmoja pale Mbagala aliwahi kuachia kuku wakaparua tuta lake la mchicha, na Chausiku akakaa miaka miwili bila kuipokea salamu yake, mpaka jirani mwenyewe alipokuja na bakuli la mbegu kuomba radhi. Hapo ndipo alipomjibu "Sijambo", kwa salamu ya mwaka juzi.

Ukiliacha hilo, alikuwa mwanamke wa kawaida wa upande ule wa Barabara ya Kilwa, ambako miaka hiyo mikorosho na mihogo ilikuwa mingi kuliko nyumba. Alikuwa na watoto wawili, alisuka mikeka, na mumewe Mfaume alikuwa kuli bandarini. Pamoja nao aliishi baba mkwe wake, Mzee Marijani, mgane aliyekuja kutoka Rufiji baada ya mafuriko kuichukua nyumba yake. Chausiku na mzee huyo walipendana kwa adabu zote za ukwe. Yeye alimpelekea chakula barazani akiwa amepiga magoti na uso ameugeuza pembeni, naye mzee alikipokea macho yakiwa chini. Katika miaka tisa hawakuwahi kutazamana usoni, na hakuna aliyeona amepungukiwa. Mzee aliwaambia wenzake msikitini, "Mie nimemzaa Mfaume, lakini anayenilea ni Chausiku."

Kisha likaja la mgambo. Ulikuwa mwaka wa sabini na tatu, na matawi ya chama yaliagizwa kuwafundisha wananchi kulinda nchi, wake kwa waume, wazee kwa vijana. Kila Jumamosi alasiri watu wa tawi lao walikusanyika kwenye shimo kubwa la mchanga nyuma ya mikorosho, wakafundishwa kulala kifudifudi na kulenga shabaha. Bunduki zilikuwa nne, na risasi zilitolewa kwa hesabu. Risasi ikiondoka, ganda lake la shaba lilitakiwa kurudi. Risasi arobaini, maganda arobaini ndani ya debe, la sivyo haondoki mtu, maana ganda lililopotea lilihesabiwa kuwa risasi iliyoibwa.

Mkufunzi wao alikuwa Koplo Sadallah, mwenye mkanda uliong'aa na sauti ya kuamsha waliolala makaburini. Huyu hakuwa mgeni wa mila. Alizaliwa Kisiju, akalelewa na bibi yake, na ndiyo kwanza alikuwa ameoa binti wa Bi Mwajabu, mwenyekiti wa akina mama wa tawi. Nalisema mapema kwa sababu baadaye walijitokeza watu wa kumtetea, eti hakujua alitendalo. Alijua sana.

Siku moja Koplo alitaka kuwaonyesha wananchi namna ya kulenga. Akalala, akavuta pumzi, akapiga risasi tatu, na ubao wa shabaha ukabaki mzima kama ulivyotoka kwa seremala. Watu walimeza vicheko vyao. Chausiku alishindwa. Kilimtoka kicheko kimoja chembamba, akaziba mdomo kwa ncha ya kanga, lakini Koplo alikuwa ameshageuka.

Koplo alingoja zoezi liishe, akawapanga wote mstari mmoja, wima, macho mbele. Kisha akamwita Chausiku na kumsimamisha hatua mbili mbele ya Mzee Marijani, akiwa amempa mzee mgongo.

"Wewe mcheshi," alisema, "okota maganda."

Chausiku akachutama.

"Nani kakwambia uchutame? Hapa si mtoni. Inama, miguu wima!"

"Ndugu Koplo, nyuma yangu yupo baba mkwe wangu."

"Jeshi halina mkwe," alijibu Sadallah. "Inama."

Mwanamke kumwinamia mkwewe kwa nyuma ni jambo ambalo hata mwendawazimu wa sokoni hulikwepa. Mzee Marijani aliomba ruhusa ya kugeuka, akanyimwa. Basi akafumba macho, akayafumba kwa nguvu mpaka machozi yakamtoka, na katika kutamani asiwepo pale akarudi nyuma hatua moja. Hatua hiyo ndiyo iliyowaponza. Kisigino chake kilikanyaga ganda likazama mchangani, naye hakuhisi kitu. Debe lilipohesabiwa, yakapatikana thelathini na tisa.

Koplo alifurahi, ilionekana wazi. Akamrudisha Chausiku kuinama upya, huku na huku, jua likimchoma mgongo, mpaka alipoliona ganda linametameta chini ya kisigino cha mkwewe. Ilimbidi auguse mguu wa mzee ili alitoe. Kwa mguso ule mzee akafumbua macho.

Tangu jioni ile Mzee Marijani hakula tena chakula cha Chausiku. Sinia lilirudi limefunikwa vilevile lilivyokwenda. Alikuwa akiomba kipande cha muhogo kwa majirani, yeye ambaye hakuwahi kuomba kitu kwa mtu, na shingo yake ikaanza kuonyesha mishipa. Hakumkasirikia mkwewe. Aibu tu ilikuwa imekaa kati yao, na aibu ya namna hiyo haiondoki kwa maneno. Kwao, aliyeisababisha hutakiwa kumletea aliyeaibishwa shuka mpya na kuku, akiri kosa lake, na huko huitwa kufunika. Kuku akishaliwa, mambo yamekwisha.

Mfaume alivaa kanzu yake akaenda kumweleza Koplo kwa upole. Koplo alicheka mpaka akashika mbavu, akasema kama ni shuka atawatafutia blanketi la jeshi.

Mzee alipopata jibu hilo alitangaza kwamba mwezi wa Shaabani ukiandama atarudi Rufiji. Kurudi wapi? Nyumba ilikwenda na maji. Ndugu zake walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, wakifyeka pori ndiyo wajenge, na yeye kifua chake hakikuweza hata kupandisha ndoo kutoka kisimani. Chausiku alijua kabisa kwamba mzee akiondoka atakwenda kufa, na kwamba watu watasema alifukuzwa na aibu ya mke wa mwanawe. Alijifungia chumbani akalia, si kwa huzuni bali kwa hasira, akaapa kwamba Sadallah naye atainama.

Lakini kwanza ilibidi yeye mwenyewe aache kuinama, kwa sababu Koplo alikuwa amemfanya mwokotaji wa kudumu. Kila Jumamosi ni yaleyale, na kila Jumamosi mzee alisogezwa kutoka mwisho wa mstari akawekwa palepale.

Chausiku alijaribu ufagio wa chelewa, ukakusanya mchanga mwingi kuliko maganda. Alijaribu upawa uliofungwa kwenye mpini mrefu, maganda yakateleza. Fundi redio mmoja alimpa sumaku ya spika mbovu, akaifunga kwenye kamba na kuiburuza. Ikarudi na misumari miwili na kizibo cha soda. Hapo akajifunza kwamba sumaku haina habari na shaba. Wanawake wenzake walimwonea huruma, na huruma yao ilimuudhi kuliko kicheko cha Koplo.

Ndipo akaenda Keko kwa Marselino, mchonga vinyago wa Kimakonde aliyekuwa akitengeneza pia viti na vitanda. Ganda lenyewe asingeweza kulitoa mazoezini, kwa hiyo alimpelekea vijiti vya muhogo alivyovikata kwa urefu na unene uleule.

"Nataka kitu cha kuviokota hivi nikiwa nimesimama," alisema.

"Mama, kwani mgongo unauma?"

Chausiku akamweleza yote, hakuficha hata la mguu wa mzee. Marselino aliweka patasi chini.

"Kwetu kule Newala," alisema hatimaye, "huyo koplo asingelala usingizi. Njoo Alhamisi."

Siku ya Alhamisi alimkuta amekaa na kitu ambacho hakijawahi kuonekana popote. Marselino alichukua visahani viwili vya mninga, akavizungushia spoki za baiskeli zilizopinda kwa nje, zikatoa umbo la yai, kisha akalitia ekseli na kulifunga kwenye mwanzi mrefu. Ukiliviringisha chini, spoki ziliachana kidogo, kijiti kikapenya, zikarudi kukibana kwa ndani. Chausiku alitembea nalo kiwandani pale akiwa wima, na vijiti vyote ishirini vikaingia.

"Hili dema," alisema. "Ganda likishaingia, kama samaki mtegoni, halitoki."

"Ndiyo, dema la nchi kavu," alijibu Marselino, na kwa malipo akaomba mkeka wa kulalia.

Jumamosi iliyofuata Chausiku alipita mbele ya mstari wa mgambo shingo imenyooka, akiviringisha dema lake taratibu, na maganda yakalia ndani yake krii, krii. Kwa muda usiotosha hata kuchemsha chai, arobaini yakawa ndani ya debe. Mzee Marijani alisimama macho wazi. Mtu mmoja alipiga makofi, wakafuata wengine, na Koplo Sadallah akakosa la kusema.

Alilikosa siku hiyo tu. Jumamosi ya pili alilitwaa dema, akasema chombo chochote kinachoingia uwanjani ni mali ya mgambo. Ya tatu, wananchi wakasikia kwamba mkuu wa mgambo wa wilaya atakuja kutazama chombo kipya cha kuokotea maganda, kilichobuniwa na Koplo Sadallah kwa akili yake mwenyewe. Na siku ya mwisho kabla ya mgeni, Koplo akampelekea Chausiku dema hilo nyumbani.

"Lisafishe, ulipake mafuta," alisema. "Kesho nataka ling'ae."

"Sawa, Ndugu Koplo," alijibu Chausiku, kwa unyenyekevu ambao ungemshtua mtu yeyote aliyemfahamu.

Alilisafisha kweli. Alilisugua kwa majivu, akalipaka mafuta ya nazi. Kisha akakaa nyuma ya banda la kuku na koleo la mumewe, akapanua spoki mbili, kidogo tu, kiasi cha ganda kuingia na kutoka kama mtu mwenye nyumba yake. Alikuwa akiimba.

Jumamosi mgeni akafika, mtu wa bara, mrefu, asiyecheka. Aliwekewa benchi pamoja na viongozi wa tawi, na katikati yao akakaa Bi Mwajabu katika kanga mpya. Watu walipiga shabaha. Kisha Koplo akachukua dema, akatoa hotuba kuhusu kujitegemea na ubunifu, akaanza kuliviringisha mbele ya benchi. Maganda yaliingia, yakalia, watu wakashangilia. Yaliyotoka kwa nyuma yakidondoka moja moja kwenye mchanga laini, yeye hakuyaona, na buti zake ziliyazamisha kila alipogeuka.

Debe likahesabiwa. Ishirini na sita.

Mkuu aliamuru lihesabiwe tena. Ishirini na sita.

"Mengine yako wapi?"

Koplo alitikisa dema, likamtemea ganda moja miguuni. Nyuma ya mstari mtu alikohoa kwa kicheko. Koplo akachutama haraka akaanza kupapasa mchanga, na hapo Chausiku akapaza sauti kutoka mstarini, wima, macho mbele, kama mgambo aliyefundishwa.

"Ndugu Mkuu! Hapa kwetu hatuokoti kwa kuchutama. Tunainama, miguu wima. Ndivyo Koplo alivyotufundisha."

Mkuu akamtazama Sadallah. "Ni kweli?"

Watu sitini waliitikia kwa pamoja kwamba ni kweli.

"Basi timiza amri yako mwenyewe."

Koplo Sadallah aligeuza macho akamwona mama mkwe wake amekaa hatua tatu tu. Alifungua mdomo. Angeweza kulitaja jina la ukwe, lakini watu wote waliosimama pale walikuwa wanalisubiri jina hilo limtoke, naye alilijua jibu lake kwa sababu lilikuwa la kwake. Akainama. Maganda yalikuwa yametapakaa mbele ya benchi, na kila alikogeukia mchanga, alimgeuzia Bi Mwajabu matako. Chausiku aliona raha, raha ya kweli, ikamshuka kooni mpaka tumboni. Mungu si Athumani, alijisemea. Alitamani maganda yangekuwa mia.

Ndipo akamwona Bi Mwajabu. Yule mama alikuwa ameivuta kanga yake usoni, na mabega yake yalikuwa yakitetemeka.

Mzee Marijani alitoka mstarini bila kuamriwa. Alivua koti lake kuukuu, akalitandaza kwa mikono miwili mbele ya Bi Mwajabu, naye mwenyewe akatazama mawinguni.

"Mzee, unafanya nini?" aliuliza Mkuu.

"Nafunika, Ndugu Mkuu."

Hakuulizwa zaidi. Alisimama hivyo hivyo mpaka ganda la arobaini lilipoingia debeni.

Jioni mzee alimwita Chausiku kutoka barazani, mara ya kwanza tangu siku ile. Chausiku alipiga magoti nyuma ya mlango, moyo umejaa. Alidhani anaitwa kupongezwa.

"Jana nilikuona nyuma ya banda la kuku na koleo," alisema mzee.

Chausiku akaukunja upindo wa kanga yake.

"Yule mama alikukosea nini?"

"Hajanikosea kitu, baba."

"Mie nilidhalilishwa na Sadallah. Yeye kadhalilishwa na nani?"

Katika hesabu zake zote Chausiku alikuwa amemwona Sadallah peke yake. Kila ukwe una watu wawili, na mmoja wao alimsahau, yeye ambaye kwa majuma mengi alikuwa akimtazama mtu wa namna hiyo akikonda barazani kwake.

"Mpaka Bi Mwajabu afunikwe," alisema mzee, "mie kwako sili. Na mwezi ukiandama naondoka."

Siku tatu Chausiku alikataa. Kwenda kufunika ni kukiri, na kukiri ni kusema kwamba aliharibu chombo cha mgambo mbele ya mkuu wa mgambo wa wilaya. Miaka hiyo lilikuwepo neno hujuma, na neno hilo lilikuwa na mlango wa kuingilia tu. Zaidi ya hofu, kulikuwa na uchungu: yeye aombe radhi, na Sadallah je? Siku ya nne, alipokuwa akifagia, aliona furushi la mzee limefungwa kwa kamba ya katani, limewekwa karibu na mlango. Akautupa ufagio. Akachukua kuku wake mtagaji, akachukua shuka mpya aliyomnunulia Mfaume kwa ajili ya Idi, akashika njia.

Katikati ya mihogo, pale njia inapokuwa nyembamba, alikutana na Koplo Sadallah. Alikuwa amevaa kanzu badala ya sare. Kwapani alikuwa na shuka, na mkononi alining'iniza kuku.

Bi Mwajabu alikuwa amemtwaa binti yake akamrudisha kwake, akamwambia mkwewe kwamba hatamwona mke mpaka amfunike mzee yule aliyemfunika yeye. Sadallah alimtazama Chausiku, akamtazama kuku, akaitazama njia aliyokuwa akielekea. Taratibu uso wake ukabadilika.

"Kumbe ni wewe," alisema.

"Ni mie. Nenda kashtaki."

Hakuweza, na wote wawili walijua. Angeanzaje kushtaki bila kusema dema lilikuwa la nani? Kuku wakalia mikononi mwao. Chausiku hakumpisha. Sadallah ndiye aliyeingia kwenye mihogo, naye alipompita Chausiku alimtupia macho kuku wake.

"Mdogo huyo," alisema, akaendelea na safari yake.

Bi Mwajabu alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akaipokea shuka, akamwinua kuku kwa miguu kumpima uzito.

"Ungekuja kunieleza mie kwanza, mwanangu," alisema. "Ningemwinamisha mwenyewe, na mie nikiwa ndani nimefunga mlango."

Aliporudi nyumbani, Chausiku alikuta shuka ya Sadallah begani kwa mzee na kuku wa Sadallah amefungwa mguuni pa benchi. Alimpikia mzee kuku huyo kwa nazi. Mzee alinawa mikono, akasema bismillahi, akala. Alikula ubwabwa, akala firigisi, akaomba aongezewe mchuzi. Furushi lilikuwa limekwisha kufunguliwa.

Chausiku alikaa nyuma ya mlango na sahani yake, akamla kuku yule kipande kwa kipande. Alitafuna shingo na miguu, akaipasua mifupa kwa magego, akainyonya uboho. Watoto walimtazama kwa mshangao.

Kutoka kule barazani, mzee aliisikia mifupa ikivunjika.

"Kula polepole, mwanangu," alisema. "Huyo ni kuku tu."

Chausiku akachukua mfupa mwingine.